Jinsi ya kutumia grafini kwenye zege na upunguze saruji kweli

Nianze na hili maana ndo watu wengi wanapokosea: kuweka grafini tu hakufanyi zege kuwa rafiki wa mazingira. Ukiweka grafini halafu saruji ukaiacha vilevile, umepata zege gumu zaidi sawa, ila hewa ukaa ni ileile na gharama umeongeza. Faida yote iko kwenye kupunguza saruji, maana saruji peke yake inabeba karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu dunia nzima, mawe ya chokaa yakichomwa kuwa klinka (yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji) hewa hiyo inatoka hata ungetumia moto wa aina gani.

Grafini yenyewe ni tabaka moja la kaboni, kaboni ileile iliyo kwenye risasi ya penseli. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa selotepu pale Manchester, wakatangaza 2004, na 2010 wakapewa Nobel ya fizikia. Kwa ujenzi utakutana na aina mbili hasa, unga wa vibamba vya grafini, na oksidi ya grafini (grafini iliyoshikana na oksijeni) ambayo mara nyingi inakuja imeshachanganywa na maji. Kwa anayeanza nashauri oksidi, inapenda maji zaidi na unga haukurukii usoni.

Sasa kipimo. Ni kidogo mno mpaka mtu anaona kama utani, anza na asilimia 0.03 ya uzito wa saruji, yaani mfuko wa kilo 50 unakula gramu 15 tu! Zege lenye saruji kilo 350 kwa mita moja ya ujazo linahitaji gramu 105. Kama maji yako ya grafini yana gramu 4 kwa lita basi unahitaji lita 26 na kidogo, na hizo lita ZITOE kwenye maji ya mchanganyo. Ulipanga lita 175, unaongeza 149 tu. Nimeona mtu kasahau hapo, zege likawa uji na lawama zote zikaenda kwa grafini.

Kazi kubwa ni kuisambaza, hapa usiwe na haraka kabisa. Saruji ikikutana na maji inatoa kalsiamu nyingi, na kalsiamu inafanya oksidi ya grafini ishikane mabonge, na bonge ndani ya zege ni sehemu dhaifu, haliimarishi kitu. Fanya hivi: koroga saruji kidogo kwenye maji, acha itulie, chuja yale maji meupe uweke kwenye glasi, dondoshea grafini yako halafu angalia. Ukiona vipande vyeusi vinakusanyana na kuzama ndani ya dakika chache, bado haiko tayari. Changanya kwanza na plastisaiza ya polikaboksileti (dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji), rudia jaribio mpaka rangi ibaki imeenea glasi nzima. Unga mkavu ndo unataka na mashine ya mawimbi ya sauti, kijiti hakitoshi, na vaa barakoa ya chembe ndogo siyo kitambaa.

Pima slampu pia, yaani ulaini wa zege bichi, maana grafini ina eneo kubwa sana la uso na inakamata maji, zege linakuwa zito kumwaga. Usiongeze maji, ongeza plastisaiza kidogo.

Halafu piga kyubu (vipande vya zege vya kupimia nguvu) za milimita 150 za aina tatu: saruji kilo 350 bila grafini, kilo 350 na grafini, na kilo 315 na grafini. Ziponde kwenye mashine ya kupima nguvu siku ya 7 na ya 28. Hiyo ya tatu ndo inayokuhusu, ikifikia nguvu ya ile ya kwanza umeokoa kilo 35 za saruji kwa kila mita ya ujazo, isipofika rudi kwenye glasi kabla hujaongeza dozi, mara nyingi tatizo ni mabonge.

Muulize na muuzaji grafini yake imetengenezwaje, maana oksidi inatumia asidi kali na taka zake zinahesabika pia.

Anza na sakafu na njia za miguu. Hata Uingereza, kule Amesbury, 2021 walianza na sakafu ya jimu. Nguzo na boriti zisubiri mpaka injinia aone majibu ya kyubu zako na aweke saini.