Chungulia vipovu kabla ya kusifia rangi

Kabla hujalipia kito chukua lenzi ya kukuza mara 10, mulika tochi ya simu kwa pembeni (sio juu, inang'aa huoni kitu) halafu chungulia ndani, ukiona vipovu vya duara kama vya soda hiyo mara nyingi ni glasi, maana iliyeyushwa na hewa ikanasa humo ilipopoa. Kito cha ardhini kina vipande vyenye kona, nyuzinyuzi, nyufa. Ila rubi ya maabara inasumbua, mkemia Mfaransa Verneuil aliitangaza njia yake ya kuitengeneza 1902 na vipovu inaweza isiwe navyo, hapo tafuta mistari iliyopinda. Obsidiani nayo ni glasi ya volkano, vipovu inavyo na ni ya asili kabisa. Kikiwa safi mno ndani, peleka maabara.