Semina imepoa? Jaribu "Nyama, nyama, nyama!"

Ukipewa kuongoza semina au kikao cha watu wasiojuana, achana na ule utambulisho wa "naitwa fulani, natokea idara fulani". Ikifika zamu ya mtu wa ishirini, wa kwanza keshasahaulika. Wasimamishe duara, mcheze nyama nyama nyama.

Kiongozi anaita, "Nyama, nyama, nyama!" Wote wanaruka na kuitikia, "Nyama!" Nyama ya ng'ombe! Wanaruka. Ya mbuzi! Wanaruka. Ya kuku! Halafu, bila kubadili sauti wala kupunguza kasi: ya fisi! Atakayeruka hapo kanaswa. Siri yote ni kasi. Ukiita polepole hanaswi mtu.

Aliyenaswa usimtoe mchezoni, maana wanaotolewa huishia kwenye simu zao. Ataje jina lake na chakula asichogusa hata alipwe, kisha yeye ndiye aite. Bosi akinaswa mapema, raha zaidi.

Nguruwe mwache kabisa kama kundi lina watu wa dini mbalimbali. Ila sungura, ngamia na pweza waite kwa makusudi: nusu wataruka, nusu watabaki wamesimama, na ubishi utakaozuka ndio mazungumzo uliyokuwa unayatafuta. Mjamzito au mwenye magoti mabovu apige kofi badala ya kuruka. Dakika kumi zinatosha, na ni heri ukatishe wakati bado wanacheka.