Jinsi ya Kumwita Mjapani kwa Adabu: Mwongozo kwa Wenyeji wa Kusini

Mtu aliyelelewa Lindi au Mtwara hahitaji kufundishwa kwamba mkubwa haitwi kwa jina lake tupu. Tunasema Mzee Hamisi, Bi Halima, Mama Asha, Mwalimu au Fundi, na shikamoo hutangulia neno jingine lolote. Kwa hiyo anayeanza kujifunza Kijapani, iwe kwa ajili ya masomo, kwa kupokea wageni wanaofika Mikindani na Kilwa Kisiwani, au kwa biashara ya ufuta ambao Japani ni mnunuzi wake mmojawapo, ana mtaji mzuri mkononi. Kinachomwangusha ni neno moja dogo, nalo ni "wewe".

Sababu yake imo katika sarufi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi ndani yake: ninakula, unakula, anakula. Kitenzi cha Kijapani hakibebi chochote cha namna hiyo. Tabemasu yaweza kuwa "ninakula", "unakula" au "tunakula", na mazungumzo yenyewe ndiyo yanayoamua. Mswahili akikutana na nafasi hiyo tupu huona kama kuna kitu kimesahaulika, hufungua kamusi, hukuta kuwa "wewe" ni anata, kisha hulipachika kila mahali.

Kijana mmoja wa nyumbani kwetu, anayeuza vinyago vya mpingo Mtwara mjini, alimkaribisha mzee wa Kijapani kwa swali alilolikariri wiki nzima: Anata no namae wa nan desu ka? Mzee alijibu kwa upole, ila alinyamaza kidogo kwanza, mkono wake ukiwa bado juu ya kinyago. Swali halikuwa na kosa la sarufi, lakini lilisikika kama mtu anayemwuliza babu mgeni, "Wewe, jina lako nani?" Ingetosha kusema Shitsurei desu ga, o-namae wa?, yaani "Samahani, jina tafadhali?" Humo hakuna "wewe" hata kidogo, ni o- iliyotangulia namae inayoonyesha kwamba jina linaloulizwa ni la mwenzako.

Anata lilikuwa na bahati mbaya. Mwaka 1952 baraza la lugha la taifa la Japani lilipendekeza liwe neno la kawaida la adabu kwa mtu yeyote, lakini wasemaji hawakufuata. Leo mke anaweza kumwita mumewe hivyo, nayo matangazo na fomu za maswali hulitumia kwa msomaji asiyejulikana, ila kwa mwalimu au bosi linakwaza. Wenzake walishuka zaidi. Omae zamani lilikuwa neno la kumtaja mtu wa kuheshimiwa, na kisama huandikwa kwa alama zenye maana ya utukufu. Sasa la kwanza ni la wanaume waliozoeana au la ukali, na la pili ni tusi. Vijana wetu wanaojifunzia kwenye katuni za Kijapani huyakuta yote mawili na kuyapenda. Wayaache huko huko kwenye katuni. Huku kusini mtani anaweza kukutania msibani mbele ya watu nawe usikasirike, lakini mgeni asidhani kwamba Japani kuna ruhusa ya namna hiyo inayomngojea.

Badala ya "wewe", tumia jina la ukoo na san: Tanaka-san. Jina la ukoo hutangulia, na san hufaa kwa mwanamume na mwanamke, aliyeoa na asiyeoa. Sama ni ya juu zaidi, nayo hutumiwa kwa wateja na katika barua. Chan ni ya watoto na watu wa karibu sana. Kun huwaendea wavulana na wadogo kazini, ingawa katika bunge la Japani wabunge huitwa kun kwa desturi ya zamani. Doi Takako, aliyekuwa Spika wa baraza la wawakilishi kuanzia mwaka 1993, aliamua kuwaita san. Mwalimu na daktari huitwa sensei, na bosi huitwa kwa cheo chake, kwa mfano buchoo kwa mkuu wa idara, bila kuongeza san. (Irabu ndefu ninaziandika mara mbili, kama tunavyofanya sisi.) Ukitaka kumwuliza mwalimu saa ya kufika, sema Sensei wa nan-ji ni irasshaimasu ka? Cheo kimechukua nafasi ya "wewe", na sentensi imekamilika.

San haiwekwi kamwe kwenye jina lako mwenyewe. Kosa hili linasameheka kwa mgeni, lakini linachekesha, kama mtu anayejiamkia shikamoo.

Jambo linalotaka kukaliwa chini zaidi ni tofauti ya uchi na soto, yaani wa ndani na wa nje. Shikamoo yetu hufuata umri: baba yako unamheshimu mbele yake, na ukimtaja kwa jirani unaendelea kumheshimu vilevile. Mjapani hufanya kinyume. Akiwa nyumbani humwita baba yake otoosan, lakini akimzungumzia kwa mtu wa nje husema chichi, neno lisilo na pambo. Otoosan mbele ya mtu wa nje hubaki kuwa baba wa yule msikilizaji. Mama naye ni okaasan na haha. Ofisini ni vivyo hivyo: karani anayemwita mkuu wake Tanaka-buchoo asubuhi yote, simu ya mteja ikiingia atasema "Tanaka hayupo", bila cheo wala san, kwa sababu mbele ya mteja Tanaka amekuwa mtu wa ndani, na wa ndani hushushwa ili wa nje ainuke. Mswahili akisikia hivyo atadhani karani amekosa adabu, kumbe ndiyo adabu yenyewe.

Mahali pengine tunakutana nao vizuri. Mama wa mtoto Taroo huitwa na wazazi wenzake Taroo-kun no okaasan, ambayo ni Mama Asha yetu kabisa, na mume na mke wenye watoto huitana "baba" na "mama". Kaka na dada wakubwa huitwa oniisan na oneesan, ilhali wadogo huitwa kwa majina. Chunga tu urefu wa irabu: obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi. Anayetofautisha kukata na kukataa hana kisingizio.

Kwa "mimi", watashi linamtosha kila mtu. Boku ni la wanaume na ni laini, ore ni la wanaume na ni kavu, watakushi ni la hafla rasmi. Hata hivyo, mara nyingi huhitaji lolote kati ya hayo, kwani kitenzi chenyewe husema nani ameinuliwa na nani ameshushwa: mkubwa anapokula ni meshiagaru, mimi ninapopokea chakula chake ni itadaku, mkubwa anaposema ni ossharu, mimi ninaposema ni moosu. Ndiyo maana Halima akijitambulisha atasema Halima to mooshimasu, Tanzania kara mairimashita, bila "mimi" popote, na kila mtu ataelewa ni nani anayezungumza. Mwongozo rasmi wa mwaka 2007 uligawa lugha ya heshima katika mafungu matano, lakini anayeanza ashike kwanza umbo la kitenzi la adabu linaloishia na -masu, kama tabemasu, kisha hivi vitenzi vichache.

Katika barua au baruapepe, mwandikie mwenzako jina la ukoo na sama, Tanaka-sama, na ikiwa unaiandikia kampuni au ofisi nzima, mahali pa sama huwekwa onchuu. Chini kabisa weka jina lako peke yake, bila kitu chochote nyuma yake.