Kutia kihisi cha dijitali ndani ya Zenit-E bila ya kuikata

Kamera ninayotumia hapa ni Zenit-E, ile nzito ya Kisovieti iliyotoka Krasnogorsk karibu na Moscow. Ni chuma tupu, inafunguka kirahisi, na ikibahatika utaikuta kwenye kabati la mtu na lenzi yake ya Helios 44-2 bado iko juu. Mwenye Praktica ya Ujerumani Mashariki nayo itamfaa, maana skrubu ya lenzi ni ile ile M42 na vipimo vya hapa chini havibadiliki.

Kwanza ujue unapata nini. Fremu ya mkanda (filamu) ni mm 36 kwa 24. Kihisi tutakachotia, yaani kile kipande cha silikoni kinachopokea picha badala ya mkanda, ni Sony IMX477, kilichomo kwenye kamera ya HQ ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Kina megapikseli 12.3, lakini ukubwa wake ni mm 6.3 kwa 4.7 tu. Kinadokoa kipande cha katikati ya picha, kwa hiyo lenzi ya mm 58 inaona kama lenzi ya mm 320 hivi. Kupiga kundi zima la maharusi ukumbini, sahau. Hii ni kamera ya jahazi lililo mbali, ya msumari mmoja wa shaba kwenye mlango wa Kiponda hapa Zanzibar, ya uso wa mzee aliyekaa barazani upande wa pili wa njia naye ameridhia.

Anayetaka fremu nzima ana njia mbili nyengine. Moja ni kuacha lenzi itupe picha juu ya kioo cha ukungu, halafu kihisi kidogo kikapiga picha ya hicho kioo. Ndivyo kinavyofanya kifaa kiitwacho I'm Back 35. Unapata upana wote, ila picha inatoka laini na punje za kioo zinaonekana. Ya pili ni kung'oa kihisi kikubwa kutoka kamera ya kisasa. Inapendeza, lakini unaua kamera nzima, na vioo vilivyobandikwa mbele ya kihisi hicho hugombana na pazia la shata. Kazi yenyewe ni ngumu tangu zamani: mwaka 1991 Kodak walitia kihisi cha megapikseli 1.3 kwenye Nikon F3, na mpigaji akalazimika kuning'iniza begani sanduku la kuhifadhia picha. Kampuni ya Silicon Film ikaahidi kifaa cha kuingia mahala pa mkanda kwenye kamera za kawaida, ikafunga milango 2001 bila ya kukiuza. Ukikwama, umekwama pamoja na wakubwa.

Vifaa

Kamera ya HQ, Raspberry Pi Zero 2 W, utepe wa kuunganishia (Zero ina tundu jembamba la pini 22 na bodi ya HQ ina la pini 15, kwa hiyo utepe uwe wa kubadilisha), memori kadi, pawabenki, waya wa kufyatulia wenye kifungo cha kushikilia, na chujio la kuzuia infraredi la mm 49. Bisibisi ndogo, vibano na pawabenki utapata kwa mafundi simu Darajani. Pi na bodi mimi huagiza Dar, ikaja na boti.

Hatua ya 1: Ikague kamera

Toa lenzi, fungua nyuma, weka kasi kwenye B, vuta mkono wa mkanda, kisha bonyeza na ushikilie. Pazia lifunguke lote na libakie wazi mpaka uachie. Kasi nyengine zikiwa zimekufa haidhuru, na ni bora zaidi, kwani kamera iliyo nzima inastahili mkanda. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe zinatambaa pembeni mwa kioo, huo ni ukungu, na kwa unyevu wetu wa masika hautosimama wenyewe. Tafuta lenzi nyengine.

Hatua ya 2: Kivue kihisi

Bodi ya HQ ni mm 38 kwa 38, na mbele yake imevaa nyumba ya chuma yenye pete ya lenzi. Geuza nyuma, utaona skrubu mbili za pembe sita za mm 1.5. Zifungue, nyumba itatoka. Kabla ya hapo zima feni, funga madirisha, panguza meza kwa kitambaa chenye unyevu. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe chokaa haiachi kudondoka kutoka ukutani, na chembe moja juu ya kihisi ni doa kwenye kila picha. Kihisi kiangalie chini muda wote, usikiguse kwa kidole.

Hatua ya 3: Rejesha chujio

Wengi wanairuka hii. Chujio la infraredi limegandishwa ndani ya ile nyumba ya chuma, kwa hiyo ulipoivua nyumba, limekwenda nayo. Silikoni inaona infraredi ambayo jicho halioni, na vitambaa vingi vyeusi vya nailoni na poliesta vinaiakisi sana. Piga picha ya wanawake watatu wamevaa buibui nyeusi juani: moja itatoka zambarau, ya pili hudhurungi kama kahawa, ya tatu nyeusi kweli, kulingana na kitambaa cha kila mmoja. Majani ya mkarafuu nayo yatapauka. Hakuna programu ya kulirekebisha hilo vizuri, maana rangi zimeshachanganyika.

Funga chujio mbele ya lenzi. Helios 44-2 ina skrubu ya mm 49. Usilitie nyuma ya lenzi, kwani kioo kilichokaa kati ya lenzi na kihisi kinasogeza fokasi kwa kiasi cha theluthi ya unene wake, na hatua ya 5 ina taabu za kutosha bila ya hiyo.

Hatua ya 4: Ikalishe bodi

Toa pini ya bawaba, uuondoe mlango wa nyuma. Utie kwenye mfuko pamoja na pini yake, usije ukaupoteza. Sasa tizama dirisha la picha: juu na chini yake kuna reli mbili zilizosuguliwa zikang'ara. Mkanda ulikuwa unapita juu ya reli hizo, na kutoka uso wake mpaka kwenye pete ya lenzi ni mm 45.46. Hapo hapo ndipo uso wa kihisi unapotakiwa uwe. Nakusudia silikoni yenyewe, si kioo kinachoifunika.

Kata kipande cha plastiki ngumu nyeusi cha kuegemea reli, ukitoboe katikati kihisi kichungulie, na uifunge bodi nyuma yake kwa skrubu ndogo kwenye matundu yake ya pembeni. Usigandishe chochote kwenye mwili wa kamera. Mlango mpya utakaoutengeneza, wa plastiki au mbao nyembamba, utakuwa na sponji ndani ya kuisukuma bodi kwenye reli, kazi iliyokuwa ya bamba la kubana mkanda.

Kabla ya kuendelea, vuta mkono na ufyatue mara kadhaa huku umetega sikio. Pazia likikwaruza, kihisi kimeingia mbele mno.

Hatua ya 5: Unene wa foili

Kazi yote iko hapa. Mkanda una huruma: kwenye f/2 (tundu la lenzi likiwa wazi kabisa) ukikosea mm 0.05 mbele au nyuma, hakuna atakayejua. Pikseli za IMX477 zina upana wa mikroni 1.55, na ukikubali picha ififie kwa pikseli mbili, kwenye f/2 nafasi yako ni kama mm 0.006 kila upande. Karatasi ya A4 ni kama mm 0.1, kwa hiyo ni nene mno kwa kumalizia. Foili ya jikoni iko kati ya mm 0.01 na 0.02, hiyo ndiyo utakayoitumia, vipande vyembamba kati ya plastiki na reli.

Unganisha utepe umeme ukiwa umezimwa. Tia kwenye memori kadi mfumo wa Raspberry Pi wenye dawati kamili, unganisha na televisheni kwa waya wa mini HDMI, kisha fungua dirisha la amri uandike:

`rpicam-hello -t 0 --info-text "%focus"`

Juu ya dirisha la picha itajiandika namba inayopanda kadiri picha inavyokuwa kali. Panda darini asubuhi mapema, kabla jua halijaifanya hewa icheze juu ya mabati. Funga kamera kwenye stendi, fungua pazia kwa B na ukaze waya wa kufyatulia, lenzi iwe f/2, uelekeze kitu kilicho mbali sana. Ukiwa Shangani, kisiwa cha Changuu kinatosha. Ukiwa Ng'ambo, elekeza Minara Miwili.

Zungusha pete ya fokasi taratibu kuelekea alama ya mbali kabisa. Namba ikifika kileleni kabla ya alama, mathalan kwenye mita 10, kihisi kiko mbele, ongeza foili. Pete ikigota mwisho na namba bado inapanda, kihisi kimerudi nyuma, punguza. Hilo la pili ndilo baya, maana vitu vya mbali hutovipata kamwe. Mimi humalizia upande wa mbele kidogo.

Usijisumbue sana na bodi kukaa upande. Kihisi ni kidogo kiasi kwamba foili moja iliyozidi pembeni haionekani kwenye picha.

Hatua ya 6: Zima mwanga

Mahameli nyeusi kwenye kingo za mlango, mkanda mweusi wa umeme nje, tundu la kupitishia utepe zibwe. Pi na pawabenki zifungwe chini ya kamera.

Hatua ya 7: Kupiga

Simu iunganishe na Pi kwa Wi-Fi, ingia kwa SSH (njia ya kuiandikia Pi amri kutoka kifaa chengine), kisha:

`rpicam-still -n -t 0 -k -r --shutter 1000 --gain 1 --awb daylight -o picha%04d.jpg`

Kila ukibonyeza Enter inapiga moja, na `-r` inahifadhi DNG (picha ghafi ya kihisi) pembeni ya JPEG. Namba 1000 ni mikrosekunde, yaani 1/1000 ya sekunde, ya kuanzia juani kwa f/5.6. Kila kitu kimewekwa kwa mkono kwa sababu maalumu: mpaka unapofungua pazia, kihisi kinaona giza, na ukiiachia programu ijipimie itapima giza hilo na kukupa picha nyeupe pe.

Mpangilio ni huu: vuta mkono, lenga na ufokasi kwenye kitazamio, bonyeza waya kwenye B (kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye kitazamio kinapanda, kitazamio kinazima), Enter, ngoja sekunde moja, achia. Fokasi ukiwa f/2, kisha rudisha tundu f/4 au f/5.6 kabla ya kupiga. Usibane zaidi ya hapo. Kwa pikseli ndogo hivi, f/11 inafifisha picha hata kama fokasi ni sahihi.

Kitazamio kitakuonesha eneo kubwa kuliko picha. Piga mlango mmoja uliochongwa, tizama ni ua gani limeingia na lipi limekatwa, uikariri mipaka kwa jicho.

Jua pia kwamba kihisi kinasoma mstari baada ya mstari, kwa hiyo kinachokwenda kasi kinapinda. Daladala linalopita mbele yako litalala upande na mapanga ya feni yatakunjika. Jahazi, hata likiwa na upepo mzuri wa kusi, linatoka wima.