Swordfish nyeusi: kuunda ndege ya mabawa ya ghorofa iliyopakwa rangi ya usiku

Kabla hujakata kipande hata kimoja cha ndege yako ya mfano kutoka kwenye fremu ya plastiki, amua rangi. Ndege ya bawa moja unaweza kuiunda kwanza, rangi ukaja kuiwaza baadaye. Ya mabawa ya ghorofa, yaani bawa moja juu ya jingine, haikupi nafasi hiyo. Bawa la juu likishakalia nguzo zake, brashi haifiki tena katikati, na kila kona nguzo inapokutana na bawa itakudai. Ikiwa ndege yenyewe ni nyeusi tupu, deni hilo ni mara mbili, kwa sababu weusi unameza umbo. Mbavu za bawa, bawaba za mkia, mishono ya kitambaa, vyote vinapotea usipovipangia mapema.

Ndege ninayoizungumzia ni Fairey Swordfish. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1934, ikaingia jeshi la majini la Uingereza 1936 kama ndege ya kubeba topido, bomu linalopita majini, ikapiga manowari za Italia bandarini Taranto usiku wa Novemba 1940, na Mei 1941 ikaivunja usukani Bismarck, meli ya kivita ya Kijerumani. Wengi huitengeneza katika rangi za bahari, kijivu na kijani, au ile ya fedha ya kabla ya vita yenye mkanda wa rangi kiunoni. Hizo ni nzuri, na zimejaa kwenye makabati ya watu. Mimi napenda zile za Kikosi cha 119 cha jeshi la anga, si la majini, mwanzoni mwa 1945. Zilikuwa Ubelgiji, karibu na Knokke, zikitoka usiku kuwinda nyambizi ndogo za Kijerumani kwenye pwani ya Uholanzi na mlango wa mto Scheldt. Jeshi hilohilo lilikuwa tayari na ndege za jeti, Gloster Meteor, na huku wengine wanapanda dude la kitambaa na waya lisilozidi kilomita 230 kwa saa. Wakalipaka jeusi juu mpaka chini.

Nakaa Tanga, na wakati wa vita ile hapa palikuwa na kiwanja cha jeshi la majini la Uingereza kilichoitwa HMS Kilele. Kwa hiyo naulizwa mbona situngi ndege ya Kilele. Nitaitunga, lakini nyeusi inanifundisha kazi zaidi.

Kiti yangu, yaani boksi la vipande vya kuunganisha, ni Tamiya ya kipimo 1:48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), toleo la Mk II. Bawa linafika karibu sentimita 29, ukubwa ambao macho ya mtu aliyevuka hamsini bado yanaumudu. Ipo Airfix ya 1:72 yenye bei nafuu zaidi, sentimita 19 hivi, na maelezo haya yanaifaa pia, ila waya zake zitakutesa. Vyote viwili havipatikani dukani kwetu. Agiza kupitia ndugu anayesafiri, na umwambie abebe boksi mkononi, asilitie kwenye sanduku chini ya viatu.

Za Kikosi cha 119 zilikuwa Mk III, na kinachoitofautisha Mk III ni rada: kibofu kikubwa chini ya tumbo, katikati ya miguu ya magurudumu, mahali ambapo topido ingening'inia. Kwa hiyo topido ya kwenye boksi iweke akiba. Kibofu utakichonga mwenyewe. Kazi yangu ya mchana ni kutengeneza meno ya bandia, basi mimi huchonga umbo kwa nta ile ya waridi, nikalifunika kwa silikoni ya kuchukulia alama za meno, nikamimina akriliki ya unga na maji yake ya kemikali, si maji ya bomba. Tahadhari: yale maji yanayeyusha plastiki ya kiti. Usithubutu kumimina huku umbo likigusa ndege. Liache likauke peke yake, lipoe, ndipo ulisugue na kulibandika, na dirisha liwe wazi muda wote. Asiye na maabara atumie puti ya A na B ya duka la vifaa vya ujenzi, ikandwe na ichongwe ikiwa imeanza kukaza. Ukubwa upime kwenye picha, ukitumia kipenyo cha gurudumu kama rula.

Geuza bawa la chini ulitazame kwa chini. Kuanzia Mk II, sehemu hiyo ilivikwa bati ili moto wa roketi usiunguze kitambaa. Ukiona kiti yako ina mbavu zimejitokeza huko chini, zisugue kwa msasa namba 600 mpaka uso uwe laini. Juu ya bawa hilohilo, na bawa zima la juu, ni kitambaa, huko usiguse. Watazamaji wengi hawatagundua. Ila tofauti hiyo ndiyo itakayokuja kukupa aina mbili za weusi kwenye bawa moja, na utanishukuru.

Sasa toboa matundu ya waya, yote, kabla ya rangi. Keekee ya mkono yenye sindano ya milimita 0.3 inatosha. Usitoboe mpaka upande wa pili; nusu ya unene wa bawa inatosha kushika gundi. Fuata mchoro wa waya uliomo kwenye karatasi ya maelekezo, na uandike namba kwa penseli pembeni ya kila jozi, kwa sababu waya nyingi za ndege hii huenda mbilimbili na mtu huchanganyikiwa upesi.

Unganisha kiwiliwili, injini na bawa la chini. Injini ya Pegasus ina silinda tisa na inaonekana yote, hivyo ipe muda. Pete ya mbele ya kofia ya injini ndiyo iliyokusanya moshi, na ilikuwa ya chuma kilichoungua: changanya shaba na kahawia, na iache bila weusi. Ni kati ya sehemu chache za ndege hii zitakazokuwa na rangi nyingine, na jicho la mtazamaji litatua hapo kwanza.

Bawa la juu lipake likiwa peke yake, limechomekwa kwenye vijiti.

Weusi wenyewe sasa. Usifungue chupa ya rangi nyeusi ya kawaida ukaimwaga. Kitu kidogo kinapokea mwanga tofauti na kitu kikubwa. Ndege ya karibu mita 14 ukiitazama kwa mbali, hewa iliyo katikati yenu inaupauza weusi wake. Mfano wa sentimita 29 hauna hiyo hewa, kwa hiyo itie kwenye rangi. Mimi huanza na Tamiya XF-69, ambayo tayari ni nyeusi iliyopauka, napaka ndege nzima. Kisha kitambaa nakipa tabaka jembamba la XF-69 iliyoongezwa tone la kahawia, katikati ya mbavu tu, nikiuacha mstari wa mbavu wenyewe uwe mweusi zaidi. Sehemu za bati, yaani chini ya bawa la chini na paneli za mbele karibu na injini, nazipa XF-69 yenye tone la buluu. Ukiwa umekaa nayo karibu utaona kahawia na buluu. Ukirudi nyuma hatua mbili utaona nyeusi tu, lakini nyeusi yenye maumbo ndani. Ile nyeusi kamili, XF-1, nabakiza kwa ajili ya mianya ya bawaba na vivuli chini ya nguzo.

Rangi iwe nyepesi kama maziwa, na kompresa ya brashi ya hewa, ile ya kupulizia rangi, iwe na kichujio cha maji. Kwa mtu wa pwani hilo si la hiari. Msimu wa masika mimi sipaki kabisa; unyevu unaingia kwenye hewa, rangi inakauka na ukungu mweupe, na juu ya weusi ukungu huo unaonekana kutoka barazani. Subiri Juni. Kama huna brashi ya hewa, brashi pana laini na tabaka nyingi jembamba zinafanya kazi, mradi upake kwa mwelekeo wa upepo unavyopita kwenye bawa, mbele kwenda nyuma.

Kabla ya dekali, yaani zile alama za kubandua kwa maji, pulizia vanishi ya kung'aa. Usiruke hatua hii. Dekali juu ya rangi isiyong'aa inakamata hewa chini yake, na juu ya weusi hewa hiyo inamemeta kama magamba ya samaki. Maji yawe vuguvugu, halafu siki nyeupe kidogo kwa brashi juu ya dekali ili ilainike na kuingia kwenye mbavu. Herufi za kikosi ni NH. Herufi ya tatu na namba ya ndege chagua kutokana na picha halisi, usitunge. Zikishakauka, funika kwa vanishi. Kwa kitambaa natumia isiyong'aa kabisa, na kwa bati ile ya katikati, yenye mng'ao wa hariri. Hapo ndipo ule msasa wa chini ya bawa unapolipa.

Kuunganisha bawa la juu kunanikumbusha kuwa bado niko kazini. Taya ya juu isipokutana sawasawa na ya chini, meno mazuri hayana maana. Nalaza ndege kwenye kitanda cha silikoni ili isiyumbe, nabandika nguzo za katikati peke yake, na nikishahakikisha kwa rula kwamba ncha mbili za bawa ziko umbali sawa kutoka kwenye mkia, ndipo naacha gundi ikauke mpaka kesho. Nguzo za nje zinafuata. Usikimbilie supaglu hapa. Gundi ya plastiki inakupa dakika za kusogeza, na utazihitaji.

Waya. Za ndege halisi hazikuwa za duara, zilikuwa bapa kama ubao mwembamba ili zikate upepo, na Tamiya waliwahi kuuza seti ya bati jembamba iliyokatwa tayari kwa ajili ya kiti hii. Ukiipata, sawa. Mimi naenda saluni. Nywele za rasta zina unyuzi mwembamba, imara, na pakiti moja itakutosha mpaka uchoke na ndege. Muulize dada wa saluni namba 1B, si namba 1. 1B ni nyeusi iliyopauka na inaendana na rangi ya ndege. Chovya ncha ya unyuzi kwenye supaglu, ichomeke tundu la juu kwa kibano, subiri ishike, kisha upitishe chini na ubandike ukiwa umevutwa kidogo tu. Zikishakauka zote, washa kijiti cha udi, zima mwali, upitishe ile ncha yenye kaa karibu na unyuzi bila kuugusa. Unajikaza wenyewe. Anza waya za katikati ukielekea nje, na zile za mkia zifanye mwisho maana mkono utazigonga.

Uchafu uwe kidogo. Zilifanya kazi kutoka kwenye viwanja vya muda wakati wa baridi, kwa hiyo tope kwenye magurudumu na chini ya tumbo ni haki yake. Bomba la moshi liko ubavu wa kulia. Liongezee kijivu na kahawia nyuma yake. Usichubue rangi ikatoke fedha kila mahali, kwani kitambaa hakichubuki kikaonyesha chuma.

Panga boi lichomekwe mwishoni bila gundi. Ndege nyeusi inaonyesha vumbi kuliko nyingine yoyote, na utakapoifuta panga boi ndilo la kwanza kuvunjika. Nunua kabati la kioo, na taa iwe ya pembeni, ya mwanga wa manjano. Taa nyeupe kali kutoka juu inafuta kahawia na buluu zote ulizozihangaikia.