Ndoa ya mahakamani kabla ya depo

Kama mchumba wako anaingia jeshi la Marekani na mnataka kufunga ndoa chapuchapu mahakamani, fungeni kabla hajaenda depo. Mafunzo ya awali ya jeshi la nchi kavu ni wiki 10, na siku ya familia kabla ya kuhitimu si ya kuitegemea: ruhusa ni ya saa chache, na mkikuta ofisi ya karani anayetoa leseni za ndoa imefungwa, basi tena.

Angalieni sheria ya jimbo mtakalofungia, si mnakotoka. South Carolina, iliko kambi ya mafunzo ya Fort Jackson, mnasubiri saa 24 tangu kuomba leseni. Texas ni saa 72, ila askari aliye kazini hasubirishwi.

Halafu msichanganye leseni na cheti (wengi hukwama hapa). Leseni ni ruhusa tu. Mkishafunga, mfungishaji huisaini, inarudi kwa karani isajiliwe, ndipo cheti kinapatikana. Chukueni nakala tatu zenye muhuri, maana ndizo zitakazotakiwa kukuandikisha DEERS (daftari la jeshi la wanajeshi na familia zao) upate kitambulisho na bima ya matibabu. Fotokopi ya kawaida watakurudishia. Na mwenzako amwambie afisa aliyemwandikisha kabla ya kuripoti. Makaratasi yake bado yanasema hajaoa.