Jinsi ya kuandika mhusika mkuu asiyeongea kwenye gemu ya stori bila kumgeuza gogo

Kuna watu wanadhani mhusika asiyeongea ndo njia rahisi, eti huandiki maneno yake, hulipi mtu wa kuigiza sauti, umemaliza. Kwenye hela kweli unaokoa, ila kazi yenyewe haijapungua, imehamia kwingine tu, manake kila ambacho angesema kwa mdomo sasa inabidi kisemwe na mikono yake, au na watu wanaomzunguka, au na mchezaji mwenyewe aliyeshika pedi ya kuchezea. Usipoihamisha hiyo kazi unabaki na gogo lenye bunduki, limesimama katikati ya watu wanaolia.

Kwahiyo kabla hujagusa skripti amua kwanza ni kimya cha aina gani, viko tofauti na watu wanavichanganya hovyo. Gordon Freeman wa Half-Life (1998) hasemi kabisa, hata neno moja, na kamera haitoki machoni kwake, we ndo yeye basi. Link, shujaa wa gemu za Zelda, siyo hivo, yeye ndani ya stori anaongea ila sisi hatusikii, watu wanamjibu kama vile kasema kitu. Persona 5 (2016) unachagua jibu kwa maandishi, na mara nyingi stori inaenda kulekule ila rafiki yako anakuelewa vingine, na urafiki unapanda au haupandi. Alafu kuna Artyom wa Metro 2033 (2010), huyu anasimulia vizuri tu wakati gemu inalodi, ukianza kucheza kafunga mdomo. Hiki cha mwisho mi sikipendi hata kidogo, yaani umeshanionesha jamaa ana sauti na ana mawazo, alafu kwenye Metro Exodus (2019) mkewe Anna anamwongelesha kwa upendo wote na yeye kimyaa, inakuwa kama ndoa ina matatizo na mwandishi hana habari.

Chagua kimoja, kaa nacho.

Sasa tuje kwenye uandishi wenyewe, na hapa usiruke. Andika sini yote (yaani tukio zima la sehemu moja) kwanza kama vile shujaa wako anaongea kawaida. Ukimaliza futa mistari yake yote. Kilichobaki ukikisoma kitakuwa kibaya, ni kawaida, ila sasa unaona mashimo yako wapi. Kosa ambalo karibu kila mtu anafanya hapo ni kuyaziba kwa kumfanya mtu mwingine awe kasuku, “Nini? Unasema daraja limevunjika? Na unataka tupite mtoni?” Hakuna binadamu anaongea hivo. Kosa la pili ni swali la wazi, mtu anamuuliza shujaa kitu kizito, anasubiri, hakuna jibu, anaendelea kama vile hamna kilichotokea, na mchezaji pale pale anakumbuka kwamba hii ni gemu tu.

Mfano. Tuseme shujaa wako karudi kutoka mgodini, kule kamkuta kaka wa fundi mmoja wa kike kafa. Rasimu ya kwanza ya kila mtu inaanza hivi, fundi anauliza “Umemuona kaka yangu?”, alafu kamera kwenye uso wa shujaa, alafu fundi analia. Siyo mbaya sana, ila mchezaji hajafanya chochote, katazama tu. Igeuze. Kule mgodini mpe mchezaji nafasi ya kuokota kofia ya yule kaka. Akirudi karakana fundi anaongea mambo mengine kabisa, analalamika pampu imekufa tena, anasema kaka yake ndo anaiweza hiyo pampu, anaomba apewe spana. Mezani kuna nafasi. Mchezaji mwenyewe ndo anaamua saa ngapi aiweke ile kofia pale, katikati ya sentensi au baada, na akiiweka fundi anakatisha maneno, basi. Na asipoiweka? Akitoka nje kimya kimya? Hapo ndo patamu, akirudi kesho yake anakuta fundi kampangia kaka yake kazi za wiki nzima ukutani. Hujaandika neno hata moja la shujaa lakini mchezaji kashasema kitu, na kakisema yeye.

Kanuni yangu ni hii: mtu asimuulize shujaa swali ambalo mchezaji hawezi kulijibu kwa mkono. Kumpa kitu, kumnyima, kumsogelea, kumgeuzia mgongo, kufungua mlango, kuchelewa, vyote hivo ni majibu, bora tu gemu iwe inavitambua.

Half-Life 2 (2004) inafanya hili mwanzoni kabisa. Pale stesheni askari mmoja anaangusha kopo chini kwa kirungu chake alafu anakwambia liokote, litie kwenye pipa la taka. Ukilitia anacheka anakuachia upite. Ukimrushia nalo anakukimbiza akupige kirungu. Ile sini inakufundisha namna ya kuokota na kurusha vitu, sawa, ila pia inakuuliza we ni mtu wa aina gani na inasubiri jibu, na jibu lipo. Na kopo ni moja tu!

Chrono Trigger (1995) ilienda mbali zaidi. Unacheza mwanzoni kwenye sherehe, unazurura, unagonga binti mmoja, pendanti yake (kidani cha shingoni) inaanguka, unakula chakula cha mzee wa watu kwasababu kipo tu mezani na we umezoea kuokota kila kitu kwenye gemu. Baadaye Crono, yaani shujaa wako, anashtakiwa kwamba kamteka binti mfalme, na mahakamani wanayatoa yote, nani alikula chakula cha mzee, uliwahi kwanza binti au pendanti. Crono hawezi kujitetea na wala haihitajiki, ushahidi ni wewe. Alafu cha kuchekesha, hata ukishinda unapelekwa jela tu, manake stori inataka uende jela, lakini ile hisia ya kuumbuliwa inabaki. Kwahiyo usiogope ukiwa huna bajeti ya stori zenye matawi mengi, tawi siyo lazima, kinachotakiwa ni mchezaji aone kwamba alionekana.

Mikono inasaidia pia hata pale ambapo mchezaji haongozi. Doom (2016) kuna sini ya lifti, bosi anajieleza kwenye spika kwamba yote yale waliyafanya kwa faida ya binadamu, shujaa anaangalia chini kuna maiti, alafu anaivunja ile spika kwa ngumi. Sekunde chache tu na ushajua msimamo wake. Animesheni kama hiyo moja ina thamani kuliko kurasa tatu za mazungumzo, ila usizirundike, zikizidi mchezaji anaona mwili wake unaendeshwa na mtu mwingine.

Kuhusu mwenzake shujaa wa safari, yule anayeongea kwa niaba ya wote. Usimuweke awe redio. Mpe sababu yake mwenyewe ya kuongea sana, anaogopa, ana upweke, anadanganya, anataka kukukera. GLaDOS wa Portal (2007), kompyuta yenye akili inayokusimamia, anakutukana muda wote na inafanya kazi kwasababu anataka upasuke kwa hasira na Chell, shujaa unayemchezesha, hapasuki, kimya cha Chell kinakuwa ndo ubishi wake. Portal 2 (2011) wakaongeza utani, roboti mmoja anaitwa Wheatley anakwambia sema “tofaa”, kwenye skrini inatokea ubonyeze kitufe ili useme, unabonyeza, Chell anaruka. Jamaa anashangaa kweli. Unaruhusiwa kuutania ukimya mara moja kama wao, ukirudia rudia mchezaji anaona unaomba msamaha.

Na sababu ya kutoongea, uitoe au usiitoe? Mi naona kama shujaa ni chombo cha mchezaji tu usiitoe, hakuna anayeuliza. Kama ni mtu mwenye historia yake, kidokezo kidogo kinatosha. Kwenye Breath of the Wild (2017), moja ya gemu za Zelda, unaikuta kwenye shajara ya binti mfalme Zelda mwenyewe, kwamba Link anakaa kimya kwasababu macho yote yako kwake na anaona inabidi aubebe mzigo bila kusema. Aya moja tu, iko mahali ambapo wengine hata hawafiki, na ukishaisoma kila sini ya nyuma inabadilika.

Kuna stori ambazo kimya hazikitaki na usilazimishe. Kama kiini cha stori ni hatia ya shujaa mwenyewe, mapenzi yake, ugomvi wake na mtu, mpe mdomo. Isaac wa Dead Space (2008) alikuwa hasemi, ni kutumwa tu katengeneze hiki katengeneze kile, na kwa gemu ile ilikwenda, ila Dead Space 2 (2011) ilipotaka kuingia kichwani kwake wakampa sauti na walifanya la maana. Upande wa pili nao una gharama yake, Fallout 4 (2015) ilimpa shujaa sauti na mazungumzo yakabanwa kuwa majibu manne kila mara, wengi wakalalamika hawajioni tena mle ndani.

Sauti ndogo ndogo usisahau, pumzi akikimbia, kuguna akianguka. Shujaa asiyehema kabisa anatisha, na siyo kwa namna unayoitaka.

Mwisho kabisa mkalishe mtu ambaye hajawahi kuiona gemu yako, acheze, we kaa nyuma yake usimsaidie, na usiangalie skrini peke yake, angalia vidole. Wakati mhusika mwingine anaongea utamuona mchezaji anaanza kuruka ruka, anazungusha kamera, anapanda juu ya meza. Watu husema ni utovu wa adabu, siyo, ni mtu anatafuta namna ya kujibu hajaipata. Andika ni mstari gani hasa alipoanza kuruka. Mazungumzo yakate hapo, au weka kitu cha kushika.